Saa Isiyolipwa: Ugomvi wa Wahudumu wa Ndege wa Kanada na Suluhu Yake



Mwezi huu tumeona tuieleze khabari ya mapatano ya kazi, yaani yale makubaliano yanayoandikwa baina ya mwajiri na chama cha wafanyakazi wake, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita mkataba wa hali bora. Tumelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni nyumba chache mno siku hizi zisizokuwa na mtu anayekula kwa ujira, awe baba, mama au kijana aliyetoka shuleni juzi. Ya pili ni kwamba watu wengi wasikiapo neno mgomo hudhani kuwa ugomvi umeanza siku ile ile walipoona watu wameacha kazi. Kumbe mgomo huja mwisho, baada ya miezi mingi ya maneno, barua na vikao. Asiyeyajua yaliyotangulia hawezi kusema nani mwenye haki, na akisema, husema kwa kubahatisha.

Mfano tutakaoueleza ni wa wahudumu wa ndege wa shirika la Air Canada, walioacha kazi mwezi wa Agosti 2025. Ni mfano wa mbali, lakini ndani yake mna kila kitu: madai ya haki, ukaidi wa pande mbili, mkono wa serikali, amri iliyokataliwa, msuluhishi aliyeitwa usiku, na wafanyakazi waliopiga kura kuyakataa yale waliyoletewa na viongozi wao wenyewe.

Kazi ya mhudumu na ujira wake

Abiria aingiapo katika ndege humkuta mhudumu amesimama mlangoni akimkaribisha na kumwonyesha kiti chake. Wengi humdhani kuwa ni mtu wa kugawa chai na chakula tu. Hayo ni machache katika kazi yake. Kazi yake ya asili ni usalama. Kabla abiria hawajaingia, yeye amekwisha kagua vizima-moto, mitungi ya hewa, milango ya kutokea wakati wa khatari na sanduku la huduma ya kwanza. Abiria wakiingia, huangalia mizigo imewekwa mahali pake, mikanda imefungwa, wazee na wenye watoto wachanga wamesaidiwa, na kama yupo mgonjwa asiyefaa kusafiri. Ndege ikichelewa kwa theluji au kwa kuharibika chombo, yeye ndiye anayeikabili hasira ya watu mia mbili waliokaa vitini hawajui wataondoka saa ngapi.

Mtu angedhani kwamba saa za ujira wake zahesabiwa tangu afikapo kazini. Sivyo. Kwa desturi ya miaka mingi ya mashirika ya ndege ya Amerika ya Kaskazini, saa ya mhudumu huanza kuhesabiwa ndege inapoanza kusogea kutoka mahali iliposimama, na hukoma inaposimama mwisho wa safari. Wakati wa kukagua, wa kupakia abiria, wa kungoja na wa kuwashusha ulikuwa hauhesabiwi katika saa hizo. Chama cha wahudumu wa Kanada kilieleza kwamba kazi ya namna hii hufika, kwa wastani, saa 35 kwa kila mtu kwa mwezi.

Jawabu la kawaida la waajiri katika jambo hili ni kwamba ujira wa saa ya angani umewekwa mkubwa makusudi, ili uifidie ile saa ya chini. Jawabu hilo si la kutupwa, kwani ni kweli kwamba hesabu ya mshahara yaweza kupangwa kwa njia nyingi. Walakini lina upungufu mkubwa. Ndege ikikaa chini saa tatu zaidi ya ilivyopangwa, mhudumu huzifanyia kazi zile saa tatu na fidia yake haiongezeki. Khasara ya kuchelewa humwangukia mtu ambaye hakuleta theluji wala hakuharibu mashine. Tena fidia hiyo iliyomo ndani ya ujira wa angani humfaa zaidi mkongwe mwenye ujira mkubwa. Mgeni anayeanza kazi kwa ujira mdogo haioni.

Desturi hii ilikwisha anza kutikisika Marekani. Mwaka 2022 shirika la Delta, ambalo wahudumu wake hawakuwa na chama, lilianza kuwalipa nusu ya ujira wao kwa muda wa kupakia abiria. Mwaka 2024 wahudumu wa American Airlines wakayapata malipo hayo kwa mkataba ulioandikwa na chama chao. Basi Wakanada walipokaa kuzungumza na mwajiri wao hawakuwa wakidai jambo lisilopata kuonekana duniani. Walikuwa wakiwatazama jirani zao.

Njia ya mazungumzo

Mkataba wa zamani wa wahudumu wa Air Canada ulikuwa wa miaka kumi, tangu 2015 hata tarehe 31 Machi 2025. Msomaji na ayafikiri yaliyopita katika miaka hiyo: maradhi ya Korona yaliyozifunga anga za dunia, kisha bei za vyakula na kodi za nyumba zilizopanda kila mahali. Aliyekubali ujira kwa bei za 2015 alikuwa akinunua mkate kwa bei za 2025. Hapa pana funzo la kwanza, kwamba muda wa mkataba ni sharti kama masharti mengine. Mkataba mrefu huleta utulivu, lakini pia humfunga mtu asiweze kusema neno dunia inapogeuka.

Wahudumu hawa ni zaidi ya 10,000, na chama chao ni tawi la chama kikubwa cha wafanyakazi wa utumishi wa umma nchini Kanada, kiitwacho kwa kifupi CUPE. Sheria ya kazi ya nchi ile haiwaruhusu watu kuacha kazi kwa hasira ya siku moja. Imeweka milango, na kila mlango una muda wake.

Mlango wa kwanza ni mazungumzo ya pande mbili peke yao. Yakishindikana, upande wowote waweza kumpelekea waziri khabari ya ugomvi, naye huweka mtu wa serikali awasuluhishe kwa muda wa siku 60. Siku hizo zikipita pasipo mapatano, huja siku 21 za kupoa, ambazo mtu haruhusiwi kugoma wala mwajiri kuwafungia wafanyakazi nje. Baada ya hapo chama, kikiwa kimekwisha piga kura ya siri ya wanachama wake, chaweza kugoma, lakini sharti kitoe khabari saa 72 kabla. Mwajiri naye ana wajibu huo huo akitaka kuwafungia nje.

Hapa inafaa tuyatenge maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Msuluhishi hana amri juu ya mtu. Huingia chumba hiki akasikiliza, akatoka akaingia chumba cha pili, akawaambia wa huko yale yanayoweza kusemwa na kuyaficha yanayopasa kufichwa, mpaka kila upande uone kwamba kupatana ni kheri kuliko kushindana. Akishindwa, huondoka na mkoba wake, wala hakuna aliyelazimishwa kitu. Mwamuzi, ambaye wazee wetu wangemwita hakamu, ni mtu mwingine. Yeye husikiliza pande zote mbili kisha hukata, na alilolikata huwafunga wote, wapende wasipende. Wazee wanaokaa kuwapatanisha mume na mke wanaijua tofauti hii vizuri. Suluhu ambayo mke na mume wameikubali kwa vinywa vyao huishi katika nyumba. Hukumu waliyopewa huishi maadamu mtu yuko mlangoni kuilinda.

Ugomvi wote wa Kanada, ukiutazama vizuri, ulikuwa juu ya tofauti hii.

Siku nne za Agosti

Milango ile yote ilipitiwa na mapatano hayakupatikana. Shirika lilisema kwamba limetoa nyongeza ya asilimia 38 ya jumla ya malipo kwa miaka minne, na kwamba limekubali kulipa nusu ya ujira kwa sehemu ya kazi za chini. Chama kilijibu kwamba nyongeza hiyo haiwafikishi wanapotakiwa kufika baada ya miaka kumi ya bei kupanda, na kwamba saa nzima ya kazi si nusu saa. Wanachama walipopiga kura, asilimia 99.7 ya waliopiga walikubali mgomo.

Tarehe 13 Agosti chama kilitoa khabari yake ya saa 72, na shirika likatoa yake ya kuwafungia nje. Shirika likaanza kuzifuta safari kidogo kidogo, ili ndege na abiria wake wasikwame katika miji ya mbali. Wakati huo huo lilimwomba waziri aupeleke ugomvi kwa mwamuzi. Chama kikakataa, kikasema kwamba mwajiri ameacha kuzungumza kwa sababu anaingoja serikali imwokoe.

Mgomo ulianza Jumamosi tarehe 16 Agosti, dakika chache kabla ya saa saba za usiku. Shirika hili huchukua abiria wapatao 130,000 kwa siku. Kabla ya kupita saa 12, waziri anayehusika na mambo ya kazi, Bibi Patty Hajdu, alikitumia kifungu cha 107 cha sheria ya kazi, akaliagiza Baraza la Mahusiano ya Kazi la nchi ile liupeleke ugomvi kwa mwamuzi na kuwarudisha watu kazini. Baraza likaamuru wahudumu warudi siku ya pili, Jumapili, saa nane za mchana.

Hawakurudi. Rais wa CUPE, Bwana Mark Hancock, aliichana nakala ya amri ile mbele ya watu katika uwanja wa ndege wa Toronto. Jumatatu tarehe 18 Baraza likatangaza kwamba mgomo huo si halali, naye akasema kwamba ikiwa gharama yake ni kifungo, na kiwe. Shirika lilikuwa limekwisha tangaza kwamba ndege zitaanza kuruka Jumapili jioni. Likalazimika kuliondoa tangazo hilo.

Kwa nini walikataa?

Msomaji atauliza: watu walioishi katika nchi yenye sheria wawezaje kuikataa amri ya Baraza lililowekwa kwa sheria? Swali hili ni zito, wala hatutalipita juu juu.

Chama kilikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Kanada, katika hukumu ya 2015 juu ya wafanyakazi wa jimbo la Saskatchewan, iliamua kwamba haki ya kugoma inalindwa na katiba ya nchi. Ya pili ni ya mambo yalivyokuwa. Katika mwaka 2024 serikali ilikitumia kifungu kile kile cha 107 mara kadhaa: mwezi wa Agosti katika reli, Novemba katika bandari, na Disemba katika posta. Mwajiri akijua kwamba mgomo hautadumu hata siku moja kabla ya waziri kuingia, hana sababu ya kutoa chochote mezani. Hukaa akingoja. Basi vile vikao vya miezi mingi huwa mchezo wa kupitisha muda, na mlango wa mwisho, uliowekwa ili uyatie nguvu mazungumzo, huwa umepigwa msumari.

Uko mfano wa ndege pia. Mwezi wa Juni 2024 waziri aliyekuwapo wakati huo alikitumia kifungu hicho katika ugomvi wa mafundi wa shirika la WestJet. Baraza likaupeleka ugomvi kwa mwamuzi, lakini likasema kwamba amri ya waziri peke yake haiiondoi haki ya kugoma. Mafundi wapatao 680 wakaacha kazi tarehe 28 Juni, wakati wa sikukuu ya taifa ambapo watu ni wengi safarini, na kufika usiku wa tarehe 30 mapatano yalikuwa yamepatikana. Siku mbili zilifanya kazi ambayo miezi ilishindwa.

Sisi hatuwafundishi vijana kuzichana amri za mabaraza. Nchi ambayo kila mtu hujichagulia amri ya kuifuata na ya kuiacha haina usalama, na mnyonge ndiye anayeumia kwanza. Mahali pa kuipinga amri ni mahakamani, na chama chenyewe kilikwenda mahakamani pia. Walakini haki yataka tuseme na upande wa pili: mwenye kutunga sheria akiwaambia watu wapite milango minne, nao wakaipita yote kwa utii na kwa muda wake, kisha akaufunga wa mwisho walipoufikia, asishangae wakikosa imani na nyumba nzima. Utii wa sheria hujengwa na pande mbili.

Usiku wa suluhu

Jumatatu usiku, mgomo ukiwa umetangazwa haramu na ndege zikiwa bado chini, pande mbili zilikaa tena. Aliyekaa kati yao alikuwa William Kaplan, msuluhishi mwenye jina katika mambo ya kazi ya nchi ile. Alfajiri ya Jumanne tarehe 19 Agosti mapatano yakapatikana, na wahudumu wakaambiwa warudi kazini.

Zingatieni hapo, ndugu wasomaji. Waziri alitoa amri, Baraza likatoa amri mbili, na ndege hazikuruka. Msuluhishi asiyekuwa na amri yoyote alikaa nao usiku mmoja, na asubuhi watu wakarudi. Hatusemi kwamba zile amri hazikuwa na kazi, kwani huenda hofu ya adhabu iliwasukuma wahudumu kwenye meza kama vile khasara ya kila siku ilivyolisukuma shirika. Lakini kilichoufungua mgomo ni neno lililokubaliwa na wote wawili.

Katika mapatano hayo kazi ya chini ilipata ujira wake. Kwa ndege nyembamba mhudumu atalipwa kwa dakika 60 za kabla ya safari, na kwa ndege pana dakika 70, kwa nusu ya ujira wake wa saa, na nusu hiyo itaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka wa mkataba. Tulifanyie hesabu ili kila mtu alione. Mhudumu wa safari fupi ya saa moja alikuwa akilipwa saa moja. Kwa mapatano mapya atapata saa moja na nusu. Wa safari ya saa 13 kwa ndege pana alikuwa akilipwa saa 13. Ataongezewa dakika 35. Kwa hivyo anayefaidika zaidi ni yule anayeruka safari fupi nyingi kwa siku, akapakia na kushusha abiria mara tatu au nne.

Ama ujira wenyewe, walio na miaka mitano au pungufu kazini waliandikiwa nyongeza ya asilimia 12 katika mwaka wa kwanza, na waliozidi hapo asilimia 8. Kisha nyongeza ndogo za miaka iliyofuata, asilimia 3, 2.5 na 2.75.

Neno la mwisho la wanachama

Wengi wangedhani khabari imekwisha. Haikwisha. Viongozi wa chama hawana mamlaka ya kuwauza wanachama wao. Walichokileta sharti kipigiwe kura. Tarehe 6 Septemba 2025 matokeo yakatangazwa, na asilimia 99.1 ya waliopiga kura waliikataa sehemu ya mishahara. Walisema kwamba kwa walio wapya kazini ujira ule ulibaki mdogo mno.

Lakini hawakugoma tena, nalo si jambo dogo. Usiku ule wa suluhu pande mbili zilikuwa zimekwisha kulifikiria jambo hili. Zilikubaliana mapema kwamba wanachama watapiga kura juu ya mishahara peke yake. Kwamba yaliyobaki, pamoja na malipo ya kazi ya chini, yatasimama vivyo hivyo. Na kwamba mishahara ikikataliwa itakwenda kwa msuluhishi, kisha kwa mwamuzi, bila ya mtu kuacha kazi wala kufungiwa nje. Basi kura ilipokataa, njia ilikuwa tayari, na abiria hawakulala tena viwanjani. Hiyo ndiyo hekima ya watu wanaojua kuandika mapatano: hawaandiki yale wanayoyatumaini tu, huandika pia watakayoyafanya matumaini yakishindwa.

Waliolipa gharama

Tusiwasahau watu ambao hawakukaa mezani. Zaidi ya abiria 500,000 walifutiwa safari zao. Katika hesabu kubwa kama hiyo hawakosekani mgonjwa aliyekuwa na siku yake ya daktari, mwanafunzi aliyekuwa akienda kuanza masomo, mtu aliyekuwa akienda kuzika. Hawa hawakuutunga mkataba wa 2015 wala hawakuomba kifungu cha 107. Shirika lenyewe lilikadiria kwamba mgomo uliipunguza faida yake ya kazi kwa dola za Kanada milioni 375. Na wahudumu walipoteza ujira wa siku walizosimama. Mwenye kudai asiwadharau wanaoumia pembeni, na mwenye kudaiwa asiwatumie kuwa ngao yake. Njia ya kuwaonea huruma ni pande mbili kuzungumza kwa kweli mapema, kabla ya siku ya saa 72.

Mambo ya kwetu

Yaliyotokea Kanada si mageni pwani hii. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa kurudishwa kwa michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba ya uzeeni, iliyosimamishwa wakati wa Korona. Mahakama ilikuwa imekwisha toa amri ya kuuzuia mgomo huo kabla haujaanza. Maelfu ya abiria walikwama, Nairobi na miji mingine. Siku ya nne Mahakama ya Kazi ikawaamuru marubani warudi ifikapo saa kumi na mbili za asubuhi ya tarehe 9, nao wakarudi. Basi amri ya awali ilikataliwa na ya pili ikafuatwa, na maneno ya mfuko wa akiba yakarudi mezani yalikotoka.

Tanzania nayo ina chombo ambacho jina lake lazitaja kazi zote mbili tulizozieleza: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyowekwa kwa sheria ya 2004. Ugomvi huanza kwa msuluhishi, na ukishindikana ndipo huendelea mbele. Sheria za mwaka ule zimezitaja pia kazi ambazo watu wake hawaruhusiwi kugoma kwa sababu uhai wa watu unazitegemea, kama maji, umeme, hospitali na zima-moto. Waongozaji wa ndege angani wamo katika orodha hiyo. Wahudumu wa ndani ya ndege hawakutajwa. Nchini Kenya, kwa sheria ya 2007, chama chapaswa kutoa khabari ya siku saba kwa maandishi baada ya usuluhishi kushindwa. Kijana anayeingia kazini na ajue iliyo yake, kwani wengi hupoteza haki iliyo wazi kwa sababu waligoma kabla ya siku yake au bila ya barua.

Wosia wetu kwa vijana

Kwanza, usitie saini mkataba usioujua. Uliza saa yako ya ujira huanza lini na hukoma lini. Dereva anayengoja mzigo bandarini, mlinzi anayefika nusu saa kabla ya zamu, muuza duka anayebaki kuhesabu fedha baada ya mlango kufungwa, wote hawa wana saa kama ile ya mhudumu wa ndege.

Pili, andika. Zile saa 35 za wahudumu hazikuwa neno la manung'uniko, zilikuwa hesabu. Mwajiri aweza kuyapuuza manung'uniko mwaka mzima, lakini hesabu iliyoandikwa siku kwa siku ni vigumu kuipuuza.

Tatu, ukiwa katika chama, hudhuria na upige kura. Viongozi wa Kanada walileta mapatano, na wanachama wakayasoma wenyewe wakaona upungufu. Chama ambacho wanachama wake hawasomi huwa mali ya watu watatu.

Na nyinyi mlio waajiri, ambao pia mmo katika wasomaji wetu, mwenye duka, mwenye jahazi, mwenye gari mbili za abiria, na mama mwenye msaidizi wa nyumbani: msingoje chama wala Baraza. Yule msichana anayeamka kabla ya alfajiri kuwasha moto na kulala baada ya vyombo kuoshwa, muulizeni, na mjiulize, saa zake zahesabiwa tangu lini. Mazungumzo ya namna hii hayahitaji waziri. Yahitaji mtu mmoja aanze kusema na mwingine akubali kusikiliza, na jioni ya leo yatosha.

Wassalaam.